Fundi Rangi

Tangu jana saa mbili usiku sijatia kitu kinywani.
Cibalonza alifunika sufuria ya bugali,
akaweka jiwe juu, kana kwamba mimi ni paka.
Asubuhi tumeshuka kutoka Kadutu kwa miguu,
yeye mbele na bahasha ya majibu ya damu
(figo zako nzima, walisema, zitaweza kuikojoa dawa),
mimi nyuma, na tumbo langu lenye siri yake.

Hospitalini nimepewa chupa ya lita moja na nusu.
Nyeupe. Nzito kidogo. Kikombe kimoja kila robo saa.
Nikacheka peke yangu:
miaka ishirini na sita nakoroga chokaa,
nyumba za Nyawera, kanisa kule Muhungu,
hata korido hii niliyokalia niliipaka mimi,
na pale juu ya mlango bado naona
mahali nilipopitisha brashi mara moja tu
kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na malipo hayaji.
Sikumwambia mtu.

Ina ladha ya ndizi iliyosahau kuwa ndizi.

Zihalirwa, kijana wa mashine, anauliza kama polisi wa mpakani:
Kuna dawa iliyowahi kukuwasha? Pumu? Sukari?
Mkanda, vua. Medali ya shingoni, vua. Meno ni yako?
Ni yangu, nikamjibu, yale yaliyobaki.
Akanichoma sindano mkononi.
"Utahisi moto, papa. Utadhani umejikojolea.
Hujajikojolea."

Akaenda kujificha nyuma ya kioo.
Jenereta ikakohoa, ikashika.
Moto ukaja kooni na ladha ya msumari,
ukateremka kifuani, hadi kinenani,
nikapapasa shuka kwa siri: kavu.
Mashine ikaniamuru kwa Kifaransa nisipumue,
nami nikabana pumzi kama ninavyobana
juu ya ngazi, nikivuta mstari wa dari.

Ukuta mkavu hudanganya, vijana wangu nimewaambia sana.
Ulowanishe kwanza, ufa utajichora wenyewe.

Majibu Alhamisi.
Cibalonza amenunua ndizi mbili za kweli pale getini.
"Na maji, unywe mengi, kijana amesema."
Nakunywa. Nautazama ule mlango.
Alhamisi nitakuja na brashi,
majibu yawe yoyote.