Spika Tano, Sikio Moja

Luthuli, ghorofa ya pili, juu ya duka la saa,
Muthoka ananikalisha kwenye kiti cha plastiki
katikati ya sebule ya uongo:
zulia la futi sita, kochi lisilouzwa,
spika tano ndogo kama mikebe ya maziwa
na besi iliyojibanza chini kama paka aliyeiba nyama.

"Fumba macho, mkubwa."

Nafumba. Mvua inaanza.
Kwanza mbele, matone machache juu ya bati,
halafu bega la kulia, kisogo cha kulia,
halafu
hakuna.
Mvua imekatwa kwa kisu katikati ya kichwa changu.
Upande wa kushoto ni kiangazi.

Miaka kumi na tisa Grogan nimenyoosha milango ya magari,
nyundo mkono wa kulia, chuma karibu na shavu la kushoto.
Sikio halikufa siku moja. Lilihama kama mpangaji mwenye deni,
usiku, kitu kimoja kimoja:
leo kengele ya baiskeli, kesho mbu,
kesho kutwa jina langu likiitwa kwa upole.
Wahenga walisema la kufa halisikii dawa.
Kuhusu spika hawakusema kitu.

Sikumwambia Muthoka. Niliuliza maswali ya kiume:
wati ngapi, waya wa nyuma una urefu gani,
skrubu zimo ndani au ni juu yangu.
Akanivuta kwenye zile ndefu kama majeneza.
"Hizi zinatikisa jengo!"
Jengo letu pale Umoja halihitaji kutikiswa.
Lina ufa tangu mwaka ule wa mafuriko,
na ukuta wetu wa kushoto ndio wa kulia wa Baba Nekesa,
anayelala mchana kwa kuwa usiku hulinda benki.
Sebule ni hatua tano kwa nne;
mlango ukifunguka wote unagusa friji.

Nikampigia Kwamboka.
"Chukua hizo ndogo," akasema.
"Vumbi nitalipanguza mimi, si wewe."

Elfu kumi na moja na mia tano, baada ya viapo pande zote mbili.

Jumapili mchana tukazifunga.
Skrubu saba zilishika; ya nane ilikuta utupu,
plasta ikamwagika ndani ya viatu vya shule vya Bosibori.
Mbili mbele, moja chini ya televisheni,
moja nyuma, kulia, juu ya kabati la vyombo.
Ya tano ikabaki mkononi mwangu,
nzito kama parachichi bichi.
"Hii tuiache kwenye katoni," nikasema.
"Itatufaa moja ikiharibika."

Kwamboka akaniangalia anavyoangalia mizani ya muuza nyama.
Miaka yote hii kitandani hulala kulia kwangu,
mezani huketi kulia kwangu,
njiani hupita nyuma yangu akabadilisha upande,
na hatujawahi kulizungumza.

Akaichukua. Akapanda kigoda, akaipachika mwenyewe,
nyuma, kushoto.
"Hiyo sasa ni ya nani?"
"Yangu. Kwani mimi sina kushoto?"

Tukazima taa, tukavuta pazia.
Ilikuwa filamu ya msitu, mtu na kurunzi yake,
mbu wengi upande wangu mmoja.
Ghafla mama na mwana wakageuza shingo pamoja.
Nami nikageuka, nimechelewa,
nikaona friji, na sufuria juu ya friji.
"Nini?"
"Tawi," akasema Bosibori. "Kuna mtu amekanyaga tawi."
Nikalitazama friji kwa hofu niliyostahili.

Wakageuka tena.
Safari hii Bosibori akachukua rimoti, akapunguza sauti
hadi msitu wote ukawa mnong'ono.
"Na hilo nalo? Tawi jingine?"
"Hapana, Baba. Hilo halimo kwenye filamu.
Ni Baba Nekesa, anagonga ukuta."