Ndoo Arubaini na Moja

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nimeyazoa:
ndoo arubaini na moja, Alhamisi ya pili ya masika,
kutoka ghala la chini hadi mlangoni.
Nikayamwaga njiani,
na njiani yakageuka, yakarudi ndani kwa adabu
kama mgeni aliyesahau kofia yake.

Nyumba yetu ya Kiponda ilikuwa na vidato vitatu vya kupanda.
Kila njia ilipotiwa saruji, kidato kimoja kilizama.
Sasa tunashuka kimoja kuingia kwetu,
na mvua, isiyo haya, inashuka pamoja nasi.
Sanduku la njumu la mama limeota ndevu za ukungu.

Ndugu yangu Ghalibu akapiga simu kutoka Maskati:
"Nunua pampu. Huku kila nyumba ina pampu."
Huko mvua inanyesha? Akacheka, akakata.
Pampu yataka umeme, Ghalibu,
na umeme wetu ni mwoga kuliko mtoto:
wingu likikohoa tu, unajificha.

Fundi Vuai akaja na saruji na kopo la rangi nyeusi.
Akaugonga ukuta kwa kifundo, kama daktari.
"Tuupake mpaka kiunoni. Halipiti tone."
Wahenga walisema ziba ufa.
Hawakusema kwamba mawe na chokaa hupumua,
ukiyaziba mdomo, jasho litatokea kichwani.
Jirani yangu Bi Salha aliupaka wake mwaka juzi:
leo unyevu umefika orofa ya kwanza
na chumvi inachanua nyuma ya kabati la vyombo.

Kisha akaja Asya, binti wa dada yangu.
Hakubeba kitu ila kipande cha chaki.
"Mama mdogo, kabla ya kuyachagulia njia,
yaulize yametoka wapi."

Basi tukayauliza.
Mstari asubuhi, mstari usiku,
siku kumi na nne, bamvu na maji mafu.
Bamvu likaja, likaondoka, mstari haukutikisika.
Nikachovya kidole, nikaonja.
Matamu.
Miaka sita nimeisingizia bahari.

Halafu ikanyesha, dakika ishirini tu,
na chaki ikafunikwa.
Tukatoka na mwavuli mmoja, tukatazama juu:
mlizamu wa paa letu,
tuliougeuza wenyewe siku ya harusi ya Ghalibu
usimrowanishe bwana harusi,
unatapika paa zima kwenye shina la ukuta.

Mlizamu tukaurudisha kwa siku moja.
Mtaro ulichukua mwezi,
maana kichochoro ni changu nusu, cha Bi Salha nusu,
na maji hayasomi hati.
Alikubali kwa sharti: na yake yapite humo humo.

Fundi Vuai akarudi, na sururu safari hii.
Akachimba hadi gotini, akagonga mfereji wa kale wa mawe
uliojaa kifusi cha bafu letu.
Hatukusemezana kwa muda.
Asya akapima mteremko kwa mpira uliojaa maji,
upana wa kidole kwa kila hatua.
Bomba la matundu, kokoto juu yake, kokoto tena.
"Hata kwangu ningefanya hivi," akasema Vuai,
"ila nani hunilipa kwa kazi isiyoonekana?"
Nikamlipa. Nikamwongeza na chai.

Vuli imekuja usiku.
Nimeshuka na tochi: chaki kavu.
Nimekaa kwenye kidato, na nyuma ya ukuta
nayasikia yakipita, yangu na ya Bi Salha,
hayajui tena nani ni nani.

Ghalibu amepiga. "Ile pampu, ulinunua?"
Nimemwambia aje aone.
Kona ya kaskazini bado inatoa jasho kidogo.
Ndoo sijaigawa.