Swali la Kumi na Nne

Nikiri kwanza: swali niliuliza mimi,
nyumba mia tatu na sita za Alto Qollpani,
juu kabisa Bolivia, ambako wino huganda
na kalamu huwekwa kwapani ipate joto.

Je, nyumba hii ina bomba la maji?
Ndiyo. La. Tia vema.

Wakasema ndiyo. Nani angesema la
na bomba limesimama pale uani,
limevishwa soksi ya sufu lisipasuke kwa barafu?
Asilimia tisini na tatu.
Kule La Paz namba hiyo ikapakwa rangi ya buluu,
ikakaa ukurasa wa kwanza wa ripoti,
na wakubwa wakahamia tatizo jingine.

Ila Saturnina Callisaya alinishika mkono wa koti.
"Umeuliza kama ninalo. Hukuuliza kama linatoa."
Saa tisa za usiku, kuamkia Jumanne na Ijumaa,
dakika arobaini, kisha linakohoa, linanyamaza.
Nikatafuta kisanduku cha kuandika hayo.
Hakikuwapo.
Nikaandika pambizoni,
na pambizo, nilijua vyema, kompyuta haisomi.

Akanitolea kalenda tatu za duka la mbolea.
Duara la penseli maji yalipokuja,
msalaba yalipogoma.
Miaka mitatu ya kulala jicho moja.
Nimesomea takwimu chuoni, nina cheti ukutani,
na sijaona daftari safi kama lile:
hakuna zamu iliyorukwa,
hata ya usiku wa kuamkia maziko ya mumewe.
Duara.

Ofisini Eulogio Tintaya alivua miwani.
"Mtu mmoja si sampuli."
Kilichoniudhi ni kwamba alisema kweli.
Basi nikapanda tena na madaftari arobaini,
nikayagawa, nikangoja masika yapite.
Mawili yaliwashia moto.
Moja lilirudi limejaa michoro ya llama, wazuri mno.
Thelathini na saba yakasema neno moja.

Tukayalaza kando ya rejista za shule,
mwandiko wa mwalimu Wilma, herufi zimeinama kama zinapanda mlima:
nani hakuja, siku gani.
Jumanne na Ijumaa, Jumanne na Ijumaa.
Mistari miwili ikaenda kama ng'ombe wa nira moja.
"Kufuatana si kusababishana," Eulogio akasema,
na mimi nikasema: kamuulize mtoto
aliyeshika ndoo saa tisa za usiku, vidole vimekufa ganzi.
Akaenda. Hiyo ndiyo sifa yake, nampa:
alipanda kilima kwa viatu vya ofisini, akauliza.

Tulidhani tutakuta mwizi. Tulimkuta Fausto,
mzee wa pampu, na funguo yake ya chuma.
Alifungua saa tisa kwa sababu ya karatasi
iliyobandikwa ukutani kabla hajaajiriwa:
mchana maji ni ya kiwanda cha bia.
Kiwanda kilikufa zamani, mbwa wanazalia humo.
Amri haikufa.
"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema,
akaitazama ile karatasi kama anaiona leo.

Sasa maji hutoka saa kumi na moja jioni.
Haikugharimu kitu, labda saini,
na miezi minane ya kuitafuta saini hiyo.
Kati ya watoto mia, waliokosa shule siku zile
walikuwa kumi na tisa; sasa ni wanane.
Wanane hao siwajui wanakwama wapi.

Swali la kumi na nne limeandikwa upya:
Maji hutoka saa ngapi? Kwa muda gani?
Saturnina amesoma, akaguna.
"Na ya kunywa je, au ya kufulia?"

Nimeandika pambizoni.

Jedwalini bado pana mstari mmoja,
nyumba ishirini na moja ng'ambo ya korongo:
mlango haukufunguliwa.
Huo haukupakwa rangi yoyote.
Kesho natoka mapema. Kalamu iko kwapani.