Jedwali la Nchi Nne

Tumepanga chumba Nkuhungu, juu ya duka la vipuri.
Feni inazungusha joto lilelile.
Lechipya amebandika ramani ya Ulaya ukutani kwa gundi ya mbao,
pembe moja imeshabanduka,
na kila upepo wa Dodoma ukiingia na vumbi lake
Ureno inatupungia mkono.

Tunachagua nchi ya kupigia filamu ya baba.

Kijana wa Hombolo, mwaka sabini na tisa,
anapelekwa Bulgaria kusomea mvinyo,
anarudi na cheti, koti zito, na ukimya.
Cheti kililiwa na mchwa.
Koti bado lipo, nyuma ya mlango wa mama,
linaning'inia katika jua hili miaka yote
kama mgeni aliyeambiwa subiri hapo,
na aliyemwambia akasahau.

Lechipya, mwongozaji, anaitaka Hungaria.
"Mji wake mkuu ni mwigizaji mzoefu," anasema.
"Leo Paris, kesho Moscow. Hauringi,
unavaa unachopewa.
Na serikali inakurudishia sehemu ya gharama."
Foibe, mshika fedha, anataka Malta:
kisiwa kidogo, jua la bure,
hotelini hadi kazini unakwenda kwa miguu.
"Lakini baba alikanyaga theluji," nasema.
"Theluji hunyunyizwa," anajibu,
macho hayatoki kwenye kikokotoo.

Bulgaria yenyewe ipo mstari wa nne.
Viza: ifuatwe nchi jirani, ipi, bado hatujajua.
Mtaa wa bweni: umebadilishwa jina mara mbili.
Kiwanda cha mazoezi: siku hizi ni maduka ya viatu.
Ya nne, kaandika Lechipya kwa kalamu nyekundu,
haifanani tena na Bulgaria.

Chibago, dereva, alichungulia kuuliza kama bado anatusubiri.
Akaitazama ramani. "Mchagua nazi hupata koroma."
Nazi! Huku kwetu zinakuja kwa lori toka Tanga,
hatuchagui, tunapokea zilizonusurika barabarani.
Pengine ndiyo maana kuchagua kunatushinda.

Jioni akanipeleka Hombolo.
Mama alikuwa kwenye mizabibu,
anafunga matawi kwa vipande vya shuka kuukuu.
"Mbukwenyi."
"Mbukwa. Mmeshapata?"
Nikamsomea kodi, nauli, majira ya mvua.
Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio inayokwisha betri,
kwa adabu, akingoja ijizime.
Kisha akauliza:
"Na yule bibi, kwenye jedwali lenu, yuko nchi gani?"

Bibi yupi?

"Wa chumba cha chini.
Baba yako hakuniambia habari za theluji, wala majumba.
Alisema siku moja alikaa ngazini anatetemeka,
bibi akafungua mlango, akamtazama, akafunga.
Akafungua tena. Ana soksi za marehemu mumewe,
moja ina kiraka cha uzi mwekundu.
Hakusema neno. Lugha yenyewe baba yako
alikuwa bado hajaijua."
Akakata kitambaa kwa meno.
"Mimi Ulaya yangu yote ni kiraka hicho.
Mengine mnayajua ninyi."

Nikataka kumuuliza soksi ziko wapi.
Alishahamia mstari mwingine wa mizabibu,
na giza la Hombolo halina subira.

Asubuhi nilikuta Hungaria imezungushiwa duara.
Sikulifuta. Nilichora safu mpya pembeni,
nikaandika: ngazi, mlango unaofunguliwa mara mbili,
soksi.

Foibe akaisoma, akairudia.
"Hii tunaiingiza fungu gani? Mavazi?"
Upepo ulikuwa umeanza, Ureno inapunga.
"Hapana," nikamwambia.
"Iweke kwenye mahali."