Tarakimu ya Mwisho

Lifti ya jengo hili imekufa tangu Ramadhani.
Nimepanda ngazi na mfuko wa plastiki,
ndani yake mume wangu: karatasi sitini na mbili,
na risiti ya chai iliyochanganyika humo, sijui vipi.

Wakili Mbeyu Katana hakunipa pole.
Alinipa kiti, akachonga penseli,
akasoma kama mtu achaguaye mchele wa harusi,
chuya huku, mchele kule, bila haraka.

"Alilazwa kwa nini?"
Ngiri. Ngiri tu, mama, walisema,
kesho kutwa atakula mahamri kwake Kuze.
"Hapa, saa mbili na dakika thelathini na tano, presha imeandikwa.
Hapa, saa tatu kamili, imeandikwa.
Katikati?"

Nikachungulia. Katikati palikuwa peupe,
peupe kama shuka walilonirudishia naye.

"Dakika ishirini na tano," akasema,
"na hakuna aliyeandika kwamba anapumua."

Ami Msellem alikuja na tende na maneno:
Msabilie Mungu, mwanangu. Ni kudra.
Ukimshitaki daktari, kesho utatibiwa na nani?
Hospitali nayo ilileta barua, neno lilo hilo, kudra,
na mhuri chini yake.
Nami naiamini kudra, Ami. Nimemzika mama nayo, na kaka.
Lakini kudra niijuayo mimi haigongi mhuri.

"Sheria inakupa miaka mitatu," akasema wakili.
"Umeshatumia miwili na miezi kumi."
Niliitumia kuwauliza majirani.

Twaha alikuwa karani wa kuhesabu makontena, Kilindini,
miaka kumi na minane, kofia ya plastiki na kalamu sikioni.
Usiku mmoja alinifundisha, kwa kujisifu:
herufi nne, tarakimu saba,
na ile ya mwisho ndiyo shahidi wa wenzake;
ukikosea moja huko nyuma, ya mwisho itakuumbua.

Sasa nimemfunga leso kifuani asianguke kitini.
Nuswaiba akimlisha uji, humwita "wewe".
Mtoto hucheka, kisha huenda jikoni
kuosha kijiko kilicho safi.

"Andika alichopoteza," wakili akaniambia.
Nikaandika mshahara, na marupurupu ya usiku.
Akanirudishia. "Andika tena."
Nikaandika: nilipokuwa mja mzito nisiweze kuinama,
yeye ndiye aliyenikata kucha za miguu.
Hiyo akaiweka juu ya faili.

Madaktari watano tuliwaomba waje waeleze
ubongo huchukua muda gani kufa kwa kukosa hewa.
Wanne walikuwa na safari.
Wa tano, mstaafu wa Kisauni,
aliuliza tu kama kizimbani kuna mahali pa kukaa,
kwa ajili ya magoti yake.

Jana tukaingia kortini.
Wakili wao, suti ya kijivu, sauti ya asali,
akasema huenda mtu huyu alikuwa hivi tangu zamani.
Hakimu akamwelekea Twaha, kwa upole:
"Unaitwa nani, mzee?"
Mzee. Ana miaka arubaini na mmoja.

Twaha aliitazama feni. Tukangoja.
Kisha, kwa ile sauti yake ya getini,
sauti niliyodhani imebaki katika chumba cha upasuaji,
akataja herufi nne, tarakimu saba,
pasi kigugumizi,
akanyamaza kama mtu aliyefunga daftari.

Suti ya kijivu ikaandika kitu, ikatabasamu.
Kesi ikaahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.

Usiku, Nuswaiba amelala, na yeye amelala,
nikaipindua ile risiti ya chai,
nikazidisha, nikajumlisha,
nikagawanya kwa kumi na moja kama alivyonifunza,
nikafuta, nikaanza tena.

Tarakimu ya mwisho ilikuwa sawa.