Mapato ya Mwezi

Mwalimu Mabeja alichora mstari katikati ya ubao,
kushoto akaandika Mapato, kulia Matumizi.
"Kila mtu na daftari lake, kila mtu na nyumba yake.
Mwezi mmoja. Jumatatu nataka pande zote zilingane."
Kisha akapuliza chaki vidoleni
kama mtu aliyemaliza kulipa.

Kidato cha Tatu B tukacheka.
Pesa? Pesa nani asiyeijua?
Masunga ana mkeka wa mechi saba kwenye simu ya kaka yake;
wiki iliyopita ulichanika dakika ya tisini
na hadi leo anasema, "Nilikosa moja tu,"
kama vile dunia ndiyo inayodaiwa.
Bhoke anauza visheti nyuma ya maabara,
vitatu mia mbili, hakopeshi, hata walimu,
nasi tunamwita bahili
huku vinywa vimejaa visheti vyake.
Mimi kiatu changu cha kushoto kimeachama,
lakini wenzangu wakisimama kwa muuza chipsi
husema, leo nimeshiba.

Usiku nikamkuta mama anachambua dagaa,
mchanga huku, wazima huku, vipande vya kuku kule.
"Mama, kwa mwezi unapata shilingi ngapi?"
"Mwezi upi?"
"Wowote. Mwezi si mwezi tu?"
Akacheka mpaka ungo ukatikisika.
"Mwezi ukiwaka, mwanangu, hakuna kitu."

Nilikuwa nimesahau, mimi niliyekulia Kirumba,
niliyenuka dagaa kabla ya kujua kusoma.
Dagaa hufuata taa.
Mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa
taa za wavuvi huwa kama koroboi mchana,
mitumbwi inalala, na beseni la mama linalala nayo.
Giza likirudi, pesa inarudi,
labda,
mvua isiponyesha juu ya dagaa walioanikwa
wakageuka weusi, bei ikawa nusu ya nusu.
Mwezi wa mwalimu una mshahara.
Mwezi wa mama una uso.

Nyuma ya mlango wetu kuna vistari vya mkaa.
Miaka yote nilidhani ni mchezo wa mdogo wangu.
Mama akamulika kwa simu:
hivi ni vya kijumbe, zamu yake ni ya tisa;
hivi ni ndoo za Nyabise wa Ukerewe;
hivi vitano, vilivyokatwa na kimoja,
"hawa ni kausha damu."
"Tulikopa lini?"
Akaokota kokoto kwenye ungo, akalitazama.
"Ulipotaka ile ya ziara."

Ziara ya Saanane.
Nilinunua soda mbili.
Ya pili sikuimaliza.

Jumatatu nikapeleka daftari, pande hazikulingana.
Kushoto: Giza, elfu themanini, mvua isiponyesha.
Mbalamwezi, sifuri.
Kulia niliandika yote, hadi soda, hadi nusu iliyomwagika.
La Masunga lililingana mpaka shilingi ya mwisho;
alinakili kwa Bhoke,
pamoja na faida ya visheti.

Mwalimu Mabeja alisoma langu akiwa amesimama.
Sote tunajua kwamba tarehe ishirini na tano
yeye hutokea geti la nyuma,
maana geti la mbele kuna pikipiki nyekundu inamsubiri.
Akaishikilia kalamu muda mrefu.
Hakuweka tiki, hakuweka mkasi.
Pembeni, kwa herufi ndogo kama za mtu anayeuliza njia,
aliandika: Siku za giza ni ngapi?

Sikujua.
Nikaenda nyumbani kumuuliza mwenye hesabu.
Nilimkuta nyuma ya mlango, amechutama,
anafuta kistari kimoja
kwa pindo la kanga alilolilowesha mate.