Tiketi ya Kushuka

Weka begi hapa, juu ya mizani.
Hilo dogo nenda nalo, lina pasipoti,
na mimi situnzi kitu cha kuninyima usingizi.
Elfu tatu mpaka saa mbili usiku.
Baada ya hapo nafunga, hata uje unalia.

Unaulizia Santiago? Sikiliza.

Panda Mlima San Cristóbal kwa gari la kamba,
linakwea ubavu kama mbuzi mwenye deni.
Juu kuna Bikira mweupe, amekunjua mikono,
na chini yake mji
kama nguo zilizoanuliwa, hazijakunjwa.
Milima ya theluji utaiona kama mvua ilinyesha jana.
Kama haikunyesha utaona moshi,
na nauli ni ileile.

Kunywa mote con huesillo palepale kileleni.
Usiliogope pichi lililonyauka kama sikio la babu,
maji yake ni asali, ngano iko chini, omba kijiko.

Soko la samaki, pita tu.
Vijana watakuvuta mkono wakikuita rafiki;
urafiki huo utaukuta kwenye bili.
Vuka mto, ule wa rangi ya chai ya maziwa,
uingie La Vega kwa wauza matunda.
Muulizie Doña Melania.
Usibonyeze parachichi lake kabla hujalipa.
Ana ulimi.

Ukitaka jiwe la buluu, la lapislazuli,
liweke shavuni uhesabu taratibu.
Likipata joto upesi
hiyo ni plastiki iliyosoma.

Mbwa akikufuata mwache.
Si mwizi, si kiongozi wa watalii,
ana safari zake, mmekutana njia tu.

Na saa sita kamili mzinga ukilia Santa Lucía
usijitupe chini.
Wageni huruka. Sisi tunarekebisha saa.

Nimeyajulia wapi?
Hapahapa, dirishani.
Miaka kumi na tisa wanarudi jioni
pua nyekundu, vumbi la mlima viatuni,
wanafungua masanduku sakafuni mbele yangu,
soksi hadharani,
wakitafuta pa kuchomeka sweta za sufu,
na huku wakipanga, wanasimulia.
Mji wangu wote nimeusikia kwa lafudhi za watu.
Kinyozi hajinyoi, nilikuwa nacheka,
na kesho yake nafungua dirisha.

Mwezi Agosti, namba arobaini na moja,
mama mmoja wa Busan, magoti mazima kuliko yangu,
alisukuma kikaratasi chini ya kioo.
Alipanda na gari, akashuka kwa miguu,
nusu ya tiketi ikabaki.
Akanionyesha kwa kidole: chini.
Ya kushuka tu.

Nani anampa mtu tiketi ya kushuka?

Jumapili nikafunga saa sita, mzinga ukilia.
Nikapanda kwa miguu, saa moja na nusu,
wapanda baiskeli wakinipita, na bibi mmoja na kasa wake mkononi,
sikumuuliza.
Kileleni nilitafuta bati la kibanda changu.
Nilitafuta sana.
Kijana akaniomba niwapige picha, yeye na mchumba,
akauliza natoka nchi gani.
Nikajikuta nimetaja mtaa.

Nahuel, jina lilikuwa kifuani pa shati lake,
aliigeuza tiketi mara mbili:
"Hii ilikuwa ya Alhamisi, señora."
Basi nikashuka kama mama wa Busan,
nikiyalaani magoti, mpaka Bellavista,
na dukani nikaomba jiwe dogo kuliko yote,
nikaliweka shavuni.
Muuzaji alisubiri.
Wateja wawili waliingia, wakatoka.
Lilikuwa baridi.
Likaendelea kuwa baridi.

Haya, risiti yako hii, usiipoteze.
Saa mbili. Si saa mbili na dakika tano.
Na kama utapanda kule, tazama upande wa stesheni,
kuna bati moja nimelipaka buluu.
Niambie ukirudi kama linaonekana.